Stempu imebaki moja, ndege ni nne: nikae au niende Ghuba?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni injinia wa ndege mwenye leseni, nina miaka 31, mke na mtoto mmoja. Nipo kwenye kampuni ya ndege ndogo hapa Dar es Salaam. Tuna Cessna Caravan nne zinazokwenda Unguja, Pemba na Mafia, na msimu wa watalii ukichanganya tunafika hadi Hifadhi ya Nyerere na Serengeti. Niliingia pale nikiwa kijana wa kushika tochi na kuosha injini. Leseni nimeipatia hapo hapo, na mwenye kampuni, ambaye sote tunamwita Mzee, ndiye aliyenilipia kozi ya Caravan Afrika Kusini.

Tulikuwa wanne wenye leseni. Mmoja alichukuliwa na shirika kubwa. Mwingine yuko Doha, huko Ghuba. Wa tatu, aliyekuwa mkuu wetu, amestaafu mwaka huu. Nimebaki peke yangu mwenye stempu na sahihi ya kuruhusu ndege iruke. Injinia wa umeme na avioniki, yaani vifaa vya elektroniki vya ndege, tunamwazima kwa jirani, tunamlipa kwa siku.

Mafundi wasio na leseni wapo watano na watatu kati yao wamemaliza chuo. Kazi wanaijua, na mmoja ana mkono mzuri kuliko wangu, nasema kweli. Lakini ndege hairuki bila sahihi yangu. Saa kumi alfajiri niko uwanjani kabla ya safari ya kwanza. Mchana ndege ziko angani, kwa hiyo ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka unafanyika usiku. Mtoto wangu ameanza kuniita "anko", mke wangu anacheka lakini si kicheko.

Sasa Mzee anataka kupeleka ndege mbili zikae Arusha msimu mzima. Nikamuuliza, huko nani atasaini? Akaniambia, "Vijana watakutumia picha na video kwa WhatsApp. Si unawaamini? Sahihi utaweka karatasi zikifika." Nikamwambia hilo haliwezekani. Angefoka ningejua la kufanya, lakini hakufoka. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, ndege hizi zikilala chini, watu arobaini hawali."

Wiki hiyo hiyo rafiki yangu wa Doha akaniunganisha na nafasi. Nimefanyiwa usaili kwa njia ya mtandao na nimekubaliwa kuwa fundi wa ndege. Mshahara ni zaidi ya mara tatu ya huu nilionao, nyumba juu yao, tiketi ya likizo juu yao. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Tatizo ni kwamba nilisaini bondi, yaani ahadi ya kuitumikia kampuni miaka mitatu, kwa ajili ya ile kozi, na nimetumikia nusu tu. Mke anasema twende. Mama anasema aliyekushika mkono ukiwa mtoto humwachi njiani. Na vijana wa hanga nao wamenusa habari. Mmoja kaniuliza, "Bro, ukiondoka nani atatusainia logibuku?" Hilo ni daftari la kazi walizofanya, wanalolihitaji ili wapate leseni. Nilijifanya sijasikia.

Mjomba, nikae au niende? Nikikaa, nisaini hizo picha? Na Mzee nimwambie lini kuhusu Doha?

Mwenye Stempu,
Dar es Salaam

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole na kazi.

Nianze na swali lako la katikati kwa sababu hayo mengine yanalitegemea. Picha za WhatsApp usizisaini. Usisaini hata moja, hata ya tairi, hata kwa siku ile ambayo mgeni wa Serikali anasubiri kwenye ngazi ya ndege.

Najua unajua. Barua yako yenyewe inaonyesha ulishakataa. Lakini nimeona wengi waliokataa mara ya kwanza wakalegea mara ya tatu, na aliyewalegeza hakuwa mkali. Alikuwa mtu mwema aliyewashika bega. Kwa hiyo nikupe sababu za kushikilia utakapoombwa tena, maana utaombwa.

Kwenye leseni ile kuna jina lako. TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, hawakuikabidhi kwa kampuni. Ukiweka sahihi ya kuirudisha ndege kazini unatamka kwamba kazi imefanyika kama kitabu cha mtengenezaji kinavyotaka na kwamba ndege inafaa kuruka. Utayatamkaje hayo ukiwa Dar na ndege iko Arusha? Picha haikuambii nati imekazwa kwa nguvu ya kiasi gani. Haikuambii waya wa kufungia umevutwa ukashika au umezungushwa tu ukapendeza. Ndege zenu zinalala pwani, zinapumua chumvi mwaka mzima, na kutu ya chumvi inaanzia chini ya rangi, mahali ambapo kidole kinahisi kabla jicho halijaona. Halafu mnataka kuzipeleka kwenye viwanja vya vumbi na changarawe, ambako propela inaokota mawe kila siku. Video inaonyesha kile alichoamua kukuonyesha mwenye simu, na kijana mwaminifu kabisa hawezi kukupiga picha ya kasoro ambayo hajaiona.

Kuna tukio moja ambalo bila shaka ulifundishwa darasani, lile la kioo cha rubani cha British Airways. Lisome tena sasa hivi ukiwa umechoka, utalielewa vingine. Tarehe 10 Juni 1990, ndege aina ya BAC One-Eleven ilitoka Birmingham kwenda Málaga. Ilipofika juu ya futi 17,000, kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka. Kapteni akavutwa nusu ya mwili nje ya ndege, wahudumu wakamshikilia miguu, na rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton. Wote waliponea, kapteni pia. Kioo kile kilikuwa kimefungwa kama saa 27 tu kabla, usiku. Kati ya bolti 90 zilizotumika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, na sita zilizobaki zilikuwa fupi.

Aliyezifunga hakuwa mwanafunzi wala mlevi. Alikuwa mkuu wa zamu, mtu wa miaka mingi kazini, anayeheshimika. Usiku ule watu walikuwa pungufu, akaamua kufanya mwenyewe ili kazi isilale. Bolti mpya alizilinganisha na zile za zamani kwa macho, saa zile za usiku ambazo macho ya binadamu yeyote yanadanganya. Na kwa kuwa kazi ile haikuhesabiwa miongoni mwa zile zinazodai ukaguzi wa mtu wa pili, alijikagua mwenyewe akasaini.

Watu pungufu, usiku, mtu mmoja mwenye moyo wa kujitolea, na hakuna jicho la pili. Sasa rudi kwenye barua yako uone umeniandikia nini.

Ndiyo maana nasema hata bila Arusha, ulipo sasa hapafai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku moja, saa za ziada zikiwemo. Saa hizo za ziada zisizidi 50 kwa kila wiki nne, na kati ya kutoka kazini na kurudi ziwepo saa 12 za mapumziko. Saa kumi alfajiri mpaka usiku wa ukaguzi ni nje ya hayo yote. Ungekuwa karani ningekwambia dai posho yako. Wewe dai usingizi, posho itafuata.

Sasa nikuhamishe kidogo, kwa sababu Mzee anadhani tatizo lake ni kwamba mainjinia hawapatikani. Yuko sahihi nusu. Boeing, katika makadirio yao ya mwaka 2024, walisema dunia itahitaji mafundi wa ndege wapya 716,000 katika miaka ishirini. Boeing wanauza ndege, kwa hiyo wana sababu ya kuona mbele pakubwa, lakini hata ukipunguza nusu bado ni jeshi. Ghuba wanavuta. Hapa nyumbani nako, tangu Air Tanzania (ATCL) waanze kupokea ndege mpya mwaka 2016, Q400, kisha Dreamliner na Airbus, kila ndege iliyoshuka na kumwagiwa maji uwanjani ilihitaji watu wa kuisainia. Walitoka wapi? Wengine ndio hao waliokuwa meza ya pili kutoka kwako.

Lakini tazama hanga lako. Una vijana watatu waliosoma. Pale Mabibo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) wanafundisha ufundi wa ndege, na kuna wengine wamesomea Nairobi au Addis Ababa. Vijana wapo tele. Kinachowakwamisha ni uzoefu ulioandikwa ukasainiwa. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka miaka minne ya uzoefu ndipo mtu apewe leseni, au miwili kama alipita kozi iliyoidhinishwa. Cheti anakitoa chuo, mtihani anajisomea usiku, lakini ile miaka inatoka kwa mtu mwenye leseni aliye tayari kusimama pembeni, aangalie kijana anavyofungua na kufunga, kisha aweke sahihi yake kwenye logibuku. Mtu huyo kwenu ni wewe, na wewe huna dakika. Kwa hiyo logibuku za vijana zimelala, leseni mpya hazizaliwi, mzigo unabaki kwako, na mwisho utaondoka umechoka na kumwachia mzigo mwingine au usimwachie mtu kabisa. Wale watatu waliokutangulia, nakisia, waliondoka hivyo hivyo.

Kampuni ndogo zetu nyingi zimezoea kuvuna kwa jirani. Hakuna anayepanda, kila mmoja anasubiri injinia aive kwa mwenzake amchume. Mzee wako angalau alikulipia kozi, na kwa hilo mpe heshima yake. Ila alilipia mmoja akadhani amemaliza.

Kwa hiyo utakapokaa naye, usianze na mshahara. Mwombe asubuhi tulivu, nje ya hanga, mkiwa wawili. Mwambie hivi kwa maneno yako: Mzee, Arusha nakubali twende, ila kule tuingie mkataba na karakana iliyoidhinishwa na TCAA kwa Caravan, watu wao wasimame kwenye ndege na wasaini wao. Hapa Dar tuajiri injinia mmoja wa mkataba hata kwa miezi sita. Wapo wastaafu wa mashirika makubwa ambao leseni zao ziko hai na nyumbani wamechoka kukaa. Na ndege moja kwa zamu ilale chini mchana, ikaguliwe kwenye mwanga.

Hiyo ya mwisho ataipinga kuliko zote kwa sababu ndege iliyolala haiingizi. Mjibu kwa lugha ya fedha, ndiyo lugha ya mwenye kampuni. Bima nyingi za ndege zina sharti kwamba ndege iwe na ubora wa kuruka na iwe imetunzwa kwa utaratibu ulioidhinishwa. Siku likitokea la kutokea, wapelelezi na watu wa bima watafungua kwanza kumbukumbu za matengenezo. Wakikuta ndege ya Arusha imesainiwa na mtu ambaye siku hiyo alikuwa Dar akisaini nyingine, hao watu arobaini hawatakosa chakula cha msimu mmoja tu. Kampuni yenyewe itakuwa imekwisha.

Mkimaliza kuongea, siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe fupi yenye yale mliyozungumza, umweke na meneja wa ubora kwenye nakala. Iandike kwa adabu, bila vitisho. Mwenye kazi akiona maandishi anasikia tofauti na alivyosikia kwa bega. Na akikulazimisha kusaini, unayo njia ya kuripoti. ICAO, kwenye Kiambatisho cha 19, wanataka nchi ziwe na mfumo wa kuripoti kwa hiari masuala ya usalama, na mtoa taarifa alindwe. Sikutakii ufike huko na Mzee aliyekulea kikazi, lakini ujue mlango upo.

Haya, Doha.

Rafiki yako hajakudanganya kuhusu fedha. Ila rudia kusoma barua ya ajira mahali palipoandikwa cheo. Wameandika fundi wa ndege. Hawakuandika injinia mwenye mamlaka ya kusaini, na kwenye mshahara na maisha hivyo ni vitu viwili. Leseni ya hapa haihami nawe kama pasipoti. Mamlaka ya kule lazima iitambue au ikupitishe kwenye mitihani yake, ambayo wengi wa Ghuba wameijenga kwa mfano wa Ulaya, na kwa mfano huo alama ya kufaulu ni asilimia 75 kwa kila moduli, yaani kila somo la mtihani. Na Caravan, mpwa wangu, utakuta hanga zima la Airbus na Boeing bila hata moja. Aina uliyoidhinishiwa hapa haitakusaidia chochote kwenye A350 mpaka upelekwe kozi ya aina hiyo, na kozi hiyo nayo huja na bondi yake, huenda ndefu kuliko hii unayoikimbia.

Kuna na jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka wamechelewa. Ili kuendelea kutumia mamlaka ya leseni, viwango vya ICAO vinataka uwe na angalau miezi sita ya kazi hiyo ndani ya miezi 24 iliyopita. Hakikisha kazi utakayofanya kule inahesabika. Ukishinda miaka miwili ukifungua viti na kubadilisha mazulia ya ndege, ukirudi utakuta leseni uliyoihangaikia inadai uanze kujithibitisha upya.

Simaanishi usiende. Ndege kubwa zitakufundisha mambo ambayo Caravan haina, na familia inakula mshahara, haili uzalendo. Mkeo hajakosea kwa kusema twende, yeye ndiye anayeona unavyorudi nyumbani. Namaanisha uwaandikie na uwaulize: mtanifanyia lini utaratibu wa leseni, nani analipa mitihani, kozi ya aina ya ndege ni baada ya muda gani, bondi yake ni kiasi gani. Na waombe wakuongezee miezi miwili kabla ya kuanza. Usiogope kuomba. Wana shida ya watu kama Mzee alivyo na shida ya watu, na kampuni isiyoweza kusubiri miezi miwili wala kujibu maswali manne kwa maandishi, imekwisha kukujibu.

Bondi ni jambo dogo kuliko linavyokukosesha usingizi. Ichukue, isome na mwanasheria, si na rafiki. Angalia kama deni linapungua kadiri unavyotumikia. Mikataba mingi ya namna hiyo hupungua, na kama umetumikia nusu huenda ukadaiwa nusu. Unaweza kulipa kidogo kidogo, au mwajiri mpya akalipa. Mkigombana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. La kutofanya ni kutoroka. Wapo waliopanda ndege usiku wakazima simu, kisha mwajiri mpya akadai barua ya kuthibitisha uzoefu wao, na anayeiandika barua hiyo ni yule waliyemzimia simu. Toa notisi, isipungue siku 28 kama unalipwa kwa mwezi, na ukabidhi kila kasoro iliyoahirishwa ikiwa imeandikwa.

Mama yako mwambie namheshimu na ana haki. Lakini deni la shukrani kwa Mzee unalilipa kwa kazi safi, na kwa kumwambia hapana pale ambapo wengine wanamchekea. Kozi ya Afrika Kusini haikununua sahihi yako.

Ukiniuliza ningefanya nini mimi: ningempa Mzee mwezi mmoja. Akileta mtu wa pili na kuachana na habari ya picha, ningekaa nimalize bondi, nisomee moduli za Ulaya nikiwa hapa hapa, kisha niende Ghuba kama injinia wa kusaini, kwa mshahara mwingine kabisa. Mwezi ukiisha na WhatsApp bado iko mezani, ningeondoka kwa notisi hata kama Doha wenyewe wameghairi. Kuna kampuni nyingine hapa hapa zinazolia.

Kuhusu lini umwambie Mzee habari za Doha: mwambie akishakujibu la Arusha, siku nyingine na kikao kingine. Ukiyachanganya atadhani unamtisha ili akuongeze mshahara, na suala la usalama litageuka kuwa mnada. Ila asije akalisikia kwa vijana, na kwa unavyoeleza, wameshanusa. Kwa hiyo usichelewe.

Na yule kijana wa logibuku ambaye ulijifanya hujamsikia, mjibu wiki hii hii bila kusubiri uamuzi wa mtu yeyote. Chagua kazi mbili au tatu kwa wiki, simama naye tangu anafungua hadi anafunga, muulize maswali ya mtihani humo humo, kisha saini mkiwa bado mna grisi mikononi, uende kwa mwenzake. Atakuletea na zile kurasa za nyuma za mwaka jana, atakwambia "bro, hizi nilizifanya kweli." Inawezekana alizifanya. Zile ulizoshuhudia, saini. Zile ambazo hukuwepo hazina sahihi yako, hata kama ni yule mwenye mkono mzuri kuliko wako.

Mjomba